Sahani Iliyorudi Tupu

Ndimu ikikamuliwa karibu yangu, hata kama ni kwenye chipsi za mtu mwingine, pua hunirudisha Magomeni ya Kilosa, kwenye kijia cha nyuma ya nyumba, sahani mikononi na jua linazama. Kwa miaka mingi harufu hiyo ilinipa aibu tu. Mwaka huu, hapa Mikumi ninakoishi na cherehani yangu, imenipa hasira, na hasira yenyewe bado haijaisha, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa Ramadhani, siku za mwanzo mwanzo. Walikuja wageni kutoka mjini na magari mawili kugawa futari kwa wasiojiweza. Sisemi ni akina nani, hata jina lao sikulishika, ingawa bango walilolifunga lilikuwa refu kuliko foleni ya waliokuja kupewa. Walileta na spika. Kila anayeitwa anatajwa jina pamoja na shida yake, uwanja mzima usikie: huyu mjane, huyu hana mtoto wa kumtazama, huyu miguu haina nguvu. Kisha anakabidhiwa mfuko wa unga, anaambiwa aunyanyue kidogo, atazame simu, atabasamu. Mzee mmoja alirudishwa mara tatu kwa sababu alifumba macho. Jamani! Mtu amefunga, jua la saa saba liko utosini, unamrudisha mara tatu kwa kufumba macho!

Mimi nilikuwa kibarazani kwangu ng'ambo ya uwanja, naona yote. Akaitwa Mama Sikudhani, mteja wangu, mwanamke aliyekata miwa huko Ruhembe mpaka mgongo ukamkatalia. Alikwenda mbele na kitu amekifunga kwenye pindo la kanga. Alipofungua nikaona ni ndimu, saba au nane, zimeoshwa zinang'aa. Alikuwa amewachumia wageni, maana kwa watu wa rika lake mgeni hakuletei kitu ukamwacha aondoke mikono mitupu. Kijana mwenye simu akacheka. "Bibi, sisi tunatoa, hatupokei. Hebu ziweke pembeni huko, zinaharibu picha."

Naye akaziweka pembeni, chini, vumbini. Akapigwa picha.

Nilisimama. Nilitaka nivuke uwanja nikamwambie yule kijana maneno ambayo mwenye saumu hayasemi. Neno la kwanza lilishafika ulimini, halafu likakwama. Kile kicheko nilikuwa nakifahamu. Nilikuwa nacho mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa, na kabla sijamhukumu mtoto wa watu ni haki niwaeleze habari yangu.

Nililelewa na Bibi yangu, Bibi Mwanaidi, mama mzaa mama. Alikuwa mkulima wa mahindi na mpunga, mkali, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya reli. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Bibi Damari. Yeye alitoka milimani, Mwanglikana wa kusomeshwa na wamisheni, anayejua tenzi zote kwa kichwa na kuziimba huku anafagia. Mwanawe wa pekee alikuwa amehama, akija kwa nadra. Hao wawili walikuwa marafiki tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Walitaniana kila siku. Bibi akisema watu wa milimani hawajui kupika wali, mwenzake anamjibu kwamba watu wa bondeni hawajui kitu kingine.

Ikifika Ramadhani, kila jioni Bibi alimpakulia Damari futari yake. Ndiyo, Damari alikuwa Mkristo na hakufunga, lakini hilo lilikuwa halimhusu mtu. Krismasi na Pasaka sahani ziligeuza njia. Na mimi ndiye niliyekuwa mpelekaji.

Kupeleka kulikuwa na taratibu zake, na Bibi alinisomea kila siku kana kwamba sijawahi kuzisikia. Sahani inafunikwa kwa kawa, lile la ukili lenye rangi nyekundu na zambarau. Unaishika kwa mikono miwili. Unapita nyuma ya nyumba, si barabarani. Husimami, hufunui, ukiulizwa umebeba nini unasema umetumwa. Ukifika unabisha hodi, unaamkia, halafu unasema, "Bibi anakusalimu, anasema uonje kama chumvi imekolea." Sio "ule." Sio "nimekuletea chakula." Uonje! Sahani imejaa magimbi ya nazi, tambi, na kipande cha samaki, inatosha watu wawili, lakini unamwambia mtu mzima aonje chumvi.

Bibi Damari alikuwa anapokea, anaingia ndani, anahamisha chakula, anaosha sahani, anarudi nayo imefunikwa. "Mwambie Mwanaidi chumvi imekolea," anasema. Na chini ya kawa anaweka kitu. Kwa Bibi hiyo nayo ilikuwa sheria: sahani ya jirani inarudi na chochote, hata kama ni pilipili mbili. Damari alikuwa na mndimu uani kwake, kwa hiyo mara nyingi zilikuwa ndimu tatu. Siku nyingine kifungu cha majani ya mlenda alioufunga kwa kitambaa cha buluu alichokichana kwenye pazia lililochakaa.

Nikifika nyumbani Bibi alifunua kawa kabla hata ya kula tende. "Ahaa! Leo ndimu," anasema, na uso wake unafunguka. Alikuwa anaikamulia hapo hapo kwenye uji, anakunywa, anasema hakuna ndimu kama za kwa Damari. Nami nilikuwa namtazama nashangaa. Ndimu si zipo sokoni?

Mwaka huo nilikuwa nimeanza kuwa mcha Mungu. Msicheke. Ustadhi wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametufundisha kwamba mwenye kutoa sadaka asingoje malipo kwa aliyempa, malipo yake yako kwa Mungu. Hilo alilisema yeye, na ni neno zuri. Kilichofuata nilikiongeza mwenyewe, kwa akili yangu ya miaka tisa iliyokuwa imevimba kwa uchaji: kwamba ukilipwa hapa duniani, basi kule huna chako, thawabu zimefutika. Nikamwangalia Bibi anavyochangamkia zile ndimu, nikaona msiba. Maskini Bibi yangu, anahangaika na moshi jikoni na saumu yake mdomoni, halafu Damari anakuja kumfutia kila kitu kwa majani na ndimu tatu.

Na kulikuwa na jambo jingine, nisijifanye malaika. Rafiki yangu Tatu alinikuta njiani siku moja, akafunua kawa kwa ujuba wake, akaona mlenda. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyie mnapeleka tambi, mnaletewa chakula cha mbuzi!" Iliniuma. Nilijiona sisi ni watu wakubwa tunaodharauliwa. Kwa hiyo uchaji na kiburi vilishikana mikono, na vikishikana hivyo viwili, mtu anaweza kufanya ubaya wowote huku anajiona mtakatifu. Mpaka leo naviona vinatembea pamoja, misikitini na makanisani, na sasa vina simu.

Jioni iliyofuata, nikiwa narudi, nilifika kwenye mtaro nyuma ya banda la fundi baiskeli. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikachukua ndimu tatu za Bibi Damari, nikazitupa. Nikafunika kawa vizuri. Nilikwenda nyumbani nimenyoosha shingo, najisikia nimemfanyia Bibi wema mkubwa kuliko ambao mjukuu yeyote wa Kilosa amewahi kumfanyia bibi yake.

Adhana ikalia. Bibi akafunua kawa, akaona sahani tupu. Akaifunika tena taratibu.

Siku ya pili mlenda ukaenda mtaroni, na kitambaa chake cha buluu. Siku ya tatu ndimu. Siku ya nne mlenda tena, na jioni hiyo Bibi akaniuliza, "Damari hajambo?"

"Hajambo."

"Hakukwambia kitu?"

"Amesema chumvi imekolea."

Akaguna. Baadaye nikamsikia anajisemea peke yake jikoni, "Atakuwa hana kitu kabisa, na hasemi. Ndivyo alivyo." Kuanzia hapo akawa anapakua zaidi. Kipande chake cha samaki akakihamishia kwenye sahani ya Damari, yeye akala mchuzi. Niliona, na hata hilo halikunizindua. Nilisema moyoni, thawabu ndizo hizo zinaongezeka!

Jumapili Bibi Damari alikwenda kanisani. Huwa anapita barabarani, lakini siku hiyo barabara ilikuwa na tope, akapita kijia cha nyuma. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Jioni nilipobisha hodi na sahani yangu, alitoka, akaniitikia "marahaba" bila kunitazama, na mikono yake ikabaki kwenye kanga.

"Rudi nayo, mjukuu wangu. Mwambie Mwanaidi nimeshiba."

"Bibi anasema uonje..."

"Nimesikia. Nimeshiba."

Nilirudi na sahani nzito vile vile. Bibi alipofunua na kukuta magimbi yake hayakuguswa, alikaa chini kwenye mkeka kama mtu aliyepewa habari ya kifo. Alifuturu maji tu. Mimi nilikula, lakini chakula kilikuwa kinapita kwa shida, maana sasa nilianza kuogopa.

Asubuhi akajitanda kanga, akanishika mkono. Tulipita barabarani. Bibi alibisha hodi mara tatu ndipo mlango ukafunguliwa.

"Damari, nimekukosea nini?"

Bibi Damari aliingia ndani, akarudi na kitu kwenye kiganja, akamwekea Bibi mkononi. Kilikuwa kifungu cha mlenda uliokauka, umejaa tope, umefungwa kitambaa cha buluu.

"Nimeviokota viwili mtaroni," alisema. "Na ndimu zimeoza humo humo. Mwanaidi, kama vyangu havikufai ungeniambia. Ningeacha kuleta, na wewe ungeacha kuleta, tukabaki na salamu. Lakini unipe chakula kwa mkono huu, changu ukitupe kwa mkono huu? Mimi ni mbwa wako?"

Bibi alikigeuza kile kifungu. Akakigeuza tena. "Kifungu hiki," alisema, "hakikunifikia mimi."

Wakatazamana. Halafu wote wawili, polepole, wakanigeukia mimi.

Ningeweza kulia. Badala yake, kwa ujinga wangu, nikajitetea kwa dini. Nikaeleza yote: ustadhi, sadaka, malipo, thawabu. Nikasema Bibi angekosa kila kitu kwa ajili ya ndimu. Nilisema haraka haraka, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyomwona Bibi uso unabadilika. Nimemwona Bibi akigombana na wenye ng'ombe walioingia shambani kwake, nimemwona akigombana na mwenyekiti wa mtaa, lakini hasira ile sikuwahi kuiona kabla wala baada.

"Nani kakutuma uwe karani wa Mungu?" alifoka. "Nani? Damari nampa sadaka mimi? Nani kakwambia nampa sadaka? Huyu ndiye aliyemfunika mama yako nguo siku anazaliwa! Huyu! Unamfanya ombaomba mlangoni kwangu, halafu unanitajia thawabu? Toka mbele yangu!"

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alikaa kwenye kizingiti cha Bibi Damari, mtu mzima na saumu yake, akajifunika uso kwa kanga.

Bibi Damari ndiye aliyemwinua. "Basi, Mwanaidi. Ni mtoto. Yamekwisha."

Alisema yamekwisha, lakini hayakwisha. Jioni ile Bibi alipeleka sahani mwenyewe, na Bibi Damari akaipokea vizuri, akashukuru. Akairudisha imeoshwa, inang'aa, imefunikwa. Bibi alipofunua, ilikuwa tupu. Safari hii hakuna mtu aliyetupa kitu njiani. Kesho yake tupu. Kesho kutwa tupu. Mama wa watu alikuwa amesamehe, lakini mkono wake ulikuwa umeingiwa na aibu. Angewekaje tena ndimu tatu baada ya kuziona mtaroni? Alikuwa anakula chakula chetu na kusema asante. Asante! Maneno ya chumvi hayakusikika tena, na ule utani wa bonde na milima ukafa kifo cha ghafla. Bibi alikuwa anatazama ile sahani safi, anaachia pumzi, futari haiendi. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa ubongo wangu mdogo, kwamba kuna kitu nimekivunja, ila sikujua kinaitwaje.

Siku ya nne Bibi alinituma sokoni. Alinipa orodha kwa mdomo: nazi, tangawizi, na ndimu fungu zima. Nilileta, nikaziweka kwenye kapu chini ya meza, kwa mikono yangu hii. Alasiri akajitanda, akaniambia, "Twende."

Alisimama uani kwa Bibi Damari, akaweka mikono kiunoni.

"Damari! Ndimu zimeniishia."

Nilimtazama. Nilidhani amesahau. Nikafungua mdomo nimkumbushe kapu, akanikanyaga mguu. Lo! Bibi yangu, Ramadhani, mchana, na saumu yake, anasema uongo!

Bibi Damari alikuwa anapepeta mchele. Aliacha ungo magotini. "Zimekuishia?"

"Zote. Na uji bila ndimu mimi haushuki, unanijua. Nimekuja kuomba."

Kuku alipita katikati yetu. Bibi Damari aliweka ungo chini, akajikung'uta, na pembeni mwa mdomo wake nikaona kitu kimeanza kucheza.

"Watu wa bondeni," alisema, "hata kuomba hamjui. Omba vizuri."

"Naomba, Damari," alisema Bibi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Bibi Damari alizunguka ule mndimu kama anachagua mahari. Kila ndimu aliibinya, ndogo akaziacha, kubwa akazichuma. Kisha akaingia ndani akatoka na mlenda, vifungu viwili, vimefungwa kitambaa cha buluu. Bibi alikuwa hakuja na kapu wala kawa. Alizipokea kwenye kanga yake wazi, na tulipotoka hakushika kijia cha nyuma. Alipita barabara kubwa, katikati ya maduka, amekumbatia ndimu na majani kifuani, na kila aliyemsalimia alijibiwa, "Nimetoka kwa Damari, kanipa." Tatu alikuwepo. Bibi alisimama mbele yake makusudi, akamwambia, "Umeona? Kanipa."

Futari ya siku ile Bibi alikunywa uji bakuli tatu.

Miaka imepita, wote wawili wamelala, mmoja makaburi haya na mwingine yale. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba zile ndimu ndizo zilizokuwa zinamwezesha Bibi Damari kumeza tambi zetu. Ukimpa mtu ukamnyima nafasi ya kukupa, umemlisha na umemvunja kwa mkono mmoja. Mimi nilifanya hivyo mafichoni, mtaroni, na nilikuwa mtoto. Hawa wenye mabango wanafanya mchana, wakiwa na ndevu zao, na wanapiga na picha! Mungu anisamehe, siwezi kulisema hili kwa sauti ya upole.

Basi, siku ile hapa Mikumi magari yaliondoka, bango likakunjwa, vumbi likatulia. Mama Sikudhani alibaki uwanjani, mfuko wa unga ameuegemeza mguuni, ameinama anaokota ndimu zake moja moja na kuzifuta kwa kanga. Sikumwendea yule kijana, alishakwenda zake. Nilivuka uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuinua uso.

Nyumbani kwangu nilikuwa na ndimu fungu zima, nimezinunua asubuhi ile ile. Nilikuwa nimefunga.

"Mama, ndimu zimeniishia," nilisema. "Na uji bila ndimu mimi haushuki. Nilikuwa naomba."

Akanyanyuka, mkono mgongoni. Alinitazama usoni, akatazama lile vumbi magari yalikopita, akanitazama tena. Halafu akaanza kuzibinya, moja baada ya moja, anaweka ndogo huku, anabakiza kubwa.

"Tandaza kanga," aliniambia. "Na ushike vizuri, usije ukaniangushia."